Mtoto Mwenye Ngozi ya Kurithi: Jinsi ya Kujibu Maneno ya Watu na Kumlinda

Habari za mtoto aliyezaliwa na ngozi isiyo ya kawaida husambaa kabla daktari hajafika. Mkunga ameguta, wenzake wameitwa waje kuona, na kufikia jioni ukoo mzima una maelezo yake: mama alivunja mwiko, kuna aliyemtupia jicho baya, au baba analipa deni la wazee. Maelezo hayo hushika mizizi kwa sababu yamejibu maswali mawili yaliyoachwa bila jibu: jambo hili limetoka wapi, na je, litanipata na mimi? Anayetaka kuuondoa unyanyapaa aanzie kwenye maswali hayo. Ayajibu mapema, kwa maneno mafupi, na kwa jambo ambalo watu wataliona kwa macho yao.

Mwongozo huu ni wa wazazi, ndugu, wakunga na walimu wa watoto wenye magonjwa ya ngozi ya kurithi kama ikthiosisi (ngozi yenye magamba), epidemolisisi bulosa (ngozi inayotoka malengelenge na kuchubuka kwa mguso mdogo), zeroderma pigmentosamu (ngozi isiyostahimili jua hata kidogo), nyurofibromatosisi (madoa ya kahawia na vivimbe laini kwenye ngozi) na ualbino.

Saa ya kwanza

Maneno ya kwanza yanayotamkwa chumba cha kujifungulia ndiyo familia itakayoyakumbuka miaka yote. Mkunga aseme "hongera" kwanza, amtaje mtoto kwa jinsia yake, ndipo aseme: "Ngozi yake inahitaji uangalizi, tunamwita daktari." Asiseme "sijawahi kuona kitu kama hiki", hata kama ni kweli. Mtoto asifunikwe uso na asipelekwe mbali bila mama kumwona, kwa kuwa mama aliyefichwa mtoto wake hujiumbia picha mbaya kuliko ukweli.

Baadhi ya watoto wenye ikthiosisi huzaliwa wamevikwa utando unaong'aa kama nailoni iliyobana, kope za macho zikiwa zimebinuka nje. Utando huo hutoka wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 2 hadi 4. Usiubandue. Ukivutwa huacha ngozi mbichi inayopitisha vijidudu na kupoteza maji. Mtoto awekwe kwenye joto lenye unyevu, apakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na macho yasiyofumba yapakwe dawa ya kulainisha ili yasikauke. Mweleze mama mapema kuwa sura anayoiona leo itabadilika utando ukitoka. Mama mwingine humkataa mtoto kwa sababu tu hakuna aliyemwambia hivyo.

Kwa mtoto mwenye malengelenge, tahadhari ni nyingine: usimwinue kwa kumshika makwapani. Pitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya shingo, au mwinue pamoja na godoro lake dogo. Plasta ya kunata isiguse ngozi yake, wala utepe wa jina usifungwe mkononi. Ngozi ikivuliwa na plasta mbele ya bibi yake, bibi ataondoka akisema mtoto anaoza.

Tafuta jina kamili la ugonjwa

"Ugonjwa wa ngozi" si jina. Uvumi huwa na jina tayari, na neno lisilo na umbo haliwezi kuuondoa. Omba rufaa kwa daktari wa ngozi, na pale inapowezekana kwa mshauri wa vinasaba. Nenda na picha za ngozi ulizopiga kwenye mwanga wa mchana tangu siku za kwanza, pamoja na mchoro wa ukoo wa vizazi vitatu: miraba kwa wanaume, duara kwa wanawake, kivuli kwa mwenye dalili. Onyesha mimba zilizoharibika, watoto waliofariki wachanga, na kama wazazi wana undugu wa damu. Familia nyingi huficha mimba zilizoharibika kwa aibu, na kumbe hizo ndizo zinazoweza kumwelekeza daktari. Upo ugonjwa uitwao inkontinentia pigmenti ambao huwapata zaidi wasichana, kwa sababu mimba nyingi za kiume zenye hitilafu hiyo hazifiki mwisho.

Usiondoke bila majibu ya mambo manne: jina kamili limeandikwaje, unarithiwa kwa njia gani, unaambukiza au la, na dalili zipi zinataka hospitali siku hiyohiyo. Omba barua fupi yenye majibu hayo, yenye muhuri. Utaitumia shuleni, safarini, na mbele ya yeyote atakayedai umemchoma mtoto. Tuhuma ya kuchoma si ya kufikirika: malengelenge ya epidemolisisi bulosa hufanana na ya maji moto, na michirizi ya inkontinentia pigmenti huonekana kama alama za fimbo.

Sarafu mbili mezani

Karibu kila mahali lawama humwangukia mama. Maneno matupu hayaiondoi, lakini sarafu mbili zinaweza.

Magonjwa mengi ya kundi hili, yakiwemo ualbino wa mwili mzima, zeroderma na aina kali za ikthiosisi, hurithiwa kwa njia ya kificho: mtoto huugua pale tu anapopokea jeni (kipande cha vinasaba) lenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe ni wazima, ni wabebaji tu. Chukua sarafu mbili, tia alama ya wino upande mmoja wa kila sarafu. Moja ni ya baba, nyingine ya mama. Zirushe pamoja. Wino ukitokea kwenye zote mbili, mtoto ni mgonjwa. Ukitokea kwenye moja, ni mbebaji mzima. Usipotokea popote, hana kitu. Kwa hesabu, mgonjwa hutokea mara 1 kati ya 4, mbebaji mara 2, asiye na kitu mara 1.

Sarafu ya baba mpe mtu wa upande wa baba airushe, ikiwezekana yule anayelaumu kwa sauti kubwa kuliko wote. Akishaona kuwa bila wino wa sarafu aliyoishika mwenyewe hakuna mgonjwa, hoja ya "mama ndiye aliyetuletea" hulegea bila ugomvi. Rusheni angalau mara 20 huku mkiandika. Ukirusha mara 4 tu unaweza kupata wagonjwa watatu au usipate hata mmoja, na watu watasema umewadanganya. Hapo pia eleza kosa linaloumiza familia nyingi: kudhani kuwa akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sarafu haina kumbukumbu. Kila mimba inarushwa upya.

Njia nyingine zinataka maelezo yake. Katika urithi wa wazi, kama nyurofibromatosisi na aina nyingi nyepesi za epidemolisisi bulosa, mzazi mmoja mwenye ugonjwa anatosha, na uwezekano ni nusu kwa kila mimba. Hata hivyo, takriban nusu ya wenye nyurofibromatosisi ya aina ya 1 hawana mzazi mgonjwa. Hitilafu ilianza kwao. Vinasaba ni maandishi ya herufi zinazofikia bilioni 3, na kila mtoto huzaliwa na makumi kadhaa ya mabadiliko mapya ya kunakili, mengi yasiyo na madhara. Elezeni jambo hili waziwazi, kwa sababu mtoto mgonjwa wa wazazi wazima ndiye anayemletea mama tuhuma ya kuzaa nje ya ndoa.

Ipo aina ya ikthiosisi inayofuata kromosomu ya X (kifungu cha vinasaba ambacho mwanamke anacho viwili na mwanamume kimoja): mama hubeba, watoto wa kiume huugua. Usiifiche kweli hiyo, ila itenganishe na kosa: mama naye alipokea jeni hilo bila kulichagua. Ongeza jambo moja ambalo wachache hulijua. Kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za mwili) kinachokosekana kwenye ngozi ya mtoto hukosekana pia kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo uchungu unaweza kuchelewa kuanza au ukasuasua. Mwanamke huyo huhukumiwa mara mbili, kwanza kwa uchungu, kisha kwa magamba ya mwanawe, ilhali yote mawili yametoka mahali pamoja.

Kuijibu imani bila kumdhalilisha mwenye nayo

Uliza kwanza, useme baadaye: "Mama, wewe unaonaje, hili limetokana na nini?" Ukianza na hotuba, hutajua kamwe unachokipinga. Akishasema, usicheke wala usiyarudie maneno yake ili uyakanushe, maana kukariri uvumi ni kuusaidia ukumbukwe. Weka jibu lako mahali pake: "Daktari ameona jinsi ngozi yake ilivyoumbika. Haina gundi ya kutosha kati ya tabaka la juu na la chini, ndiyo maana inachubuka."

Hofu ya kuambukizwa huondolewa na mkono kuliko mdomo. Mshike mtoto mbele ya wageni, mbusu, kula naye sahani moja. Kisha mpe mgeni ambebe, ukimwonyesha namna. Tahadhari moja: malengelenge yaliyopasuka au ngozi iliyopasukapasuka inaweza kuingiwa na bakteria, na maambukizi hayo ya juu yanaweza kusambaa kama ya kidonda chochote. Ukitangaza kwamba hakuna chochote kinachoambukiza kamwe, halafu mtoto wa jirani akapata majipu, utapoteza imani yote. Sema: "Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Kidonda kikitoa usaha tunakifunika na kukitibu, kama cha mtu yeyote."

Laana na adhabu ni habari nyingine. Usijaribu kumvua mtu dini yake. Sayansi inaeleza namna jeni lilivyofika. Swali la kwa nini mtoto huyu na si mwingine, mwenye imani atalipeleka kwa Mungu wake. Kiongozi wa dini anayeheshimika, akimbeba mtoto huyo mbele ya waumini, huweza kufanya katika dakika mbili kazi ambayo vipeperushi havitaifanya kwa mwaka. Mtembelee kabla, mweleze ugonjwa, umwombe jambo moja tu: asimwite mtoto "mwenye pepo" wala asitangaze maombi ya kumfungua mbele za watu.

Imani ya uchafu huumiza kimyakimya. Magamba makubwa ya kahawia humfanya mtoto aonekane hajaoga, na watu humsugua kwa jiwe au brashi hadi damu. Magamba si uchafu. Ni ngozi inayojijenga haraka kupita kiasi au inayochelewa kupukutika, na ukiikwangua kwa nguvu unaongeza nyufa.

Majina pia ni imani. "Samaki", "nyoka", "mzimu", "zeruzeru": kila moja linamtoa mtoto kwenye ubinadamu, na baadhi yake yalianza kama utani wa mapenzi. Tumieni jina lake, na inapolazimu, "mtoto mwenye ikthiosisi", "mtu mwenye ualbino". Msahihishe ndugu siku ya kwanza. Jina la utani likishazoeleka kwa miezi sita, kulitoa ni kazi ngumu.

Ya kuruhusu na ya kukataa

Familia itataka kujaribu tiba nyingine. Ukizikataa zote kwa pamoja, zitafanyika usiku bila wewe kujua. Kipimo chetu ni hiki: maombi na baraka, ruksa; kitu cha kupakwa, kunyweshwa, kuchanjwa chale au kufukizwa, hapana mpaka daktari aseme; kusimamisha dawa au kinga ya jua, hapana kabisa. Hata kamba ya kufungwa shingoni au mkononi haifai kwa mwenye epidemolisisi bulosa, kwani msuguano wake peke yake hutoa malengelenge. Ishonewe kwenye nguo kwa nje, au ikae chini ya mto.

Eleza sababu za kila katazo. Mafuta ya taa na dawa za kufulia huunguza. Krimu kali za steroidi hupunguza wekundu kwa siku chache kisha hukondesha ngozi, na ikthiosisi haitokani na uvimbe unaotulizwa hivyo. Krimu za kung'arisha ngozi huweza kuwa na zebaki. Hata dawa halali ina mipaka yake: asidi ya salisiliki ikipakwa mwili mzima wa mtoto mchanga hupenya hadi kwenye damu na kumtilia sumu.

Utunzaji unaobadilisha macho ya watu

Si haki kwamba mtoto apendeze ndipo akubaliwe. Lakini nyufa, harufu na nzi kwenye kidonda hukaribisha uvumi, na vyote hivyo vinapungua.

Kwa ikthiosisi, loweka mtoto kwenye maji vuguvugu dakika 20 hadi 30, bila sabuni kali, ukipitisha kitambaa laini kwa mduara. Mfute kwa kugusagusa, kisha mpake mafuta ya mgando ndani ya dakika 3 wakati ngozi bado ina unyevu; ukichelewa, maji hukauka na ngozi hubana zaidi ya awali. Losheni ya yurea ya asilimia 5 hadi 10 huwafaa watoto wakubwa na watu wazima, ila huwasha kwenye nyufa, na wachanga wasipakwe. Magamba hujaa masikioni. Mtoto anayeitwa "mjinga" huenda hasikii tu, kwa hiyo masikio yasafishwe kliniki mara kwa mara. Jasho lao hutoka kwa shida, hivyo siku ya joto wapewe maji ya kunywa na kitambaa chenye maji shingoni.

Kwa epidemolisisi bulosa, lengelenge jipya litobolewe kwa sindano safi ambayo haijatumika, mahali pa chini kabisa, matundu mawili, kisha likamuliwe polepole kwa shashi. Ngozi ya juu iachwe, ndiyo kifuniko chake. Usipolitoboa, hujitanua lenyewe. Maji ya kuogea yenye chumvi gramu 9 kwa kila lita 1 hayaumi sana kama maji matupu. Nguo zivaliwe mishono ikiwa nje na lebo zikiwa zimekatwa.

Kwa zeroderma, kinga ni ya kila dakika ya mchana. Mionzi ya urujuanimno ya jua hupita kwenye mawingu, na sehemu yake hupita kwenye kioo cha dirisha. Nguo nzito za mikono mirefu, glovu, kofia yenye kinga ya uso, miwani, na krimu ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi inayorudiwa kila baada ya saa 2. Mtoto huyo akicheza nje usiku, majirani watasema ni mchawi. Waeleze kabla hawajauliza kwamba usiku ndio mchana wake. Takriban robo yao hupoteza uwezo wa kusikia au kutembea kadiri wanavyokua. Kama familia haijaonywa, itaona ni pigo jipya la uchawi. Wenye ualbino wanahitaji kinga hiyohiyo ya jua, ingawa wanaweza kutoka nje, pamoja na uchunguzi wa macho mapema.

Majibu ya mfukoni

Andaeni majibu matatu, myafanyie mazoezi kwa sauti. La mpita njia: "Amezaliwa hivyo, haiambukizi, habari za leo?" Ile salamu ya mwisho inageuza mazungumzo. La jirani au mzazi mwenzako, nusu dakika: jina la ugonjwa, kwamba ni wa kurithi, kwamba hauambukizi, na jambo moja analoweza kusaidia. La ndugu wa karibu ndilo lenye sarafu.

Mtoto naye awe na jibu lake kuanzia umri wa miaka 4 hivi. "Ngozi yangu inakauka haraka. Tucheze?" yatosha. Msimlazimishe kujieleza kwa kila anayemkodolea macho. Ana haki ya kunyamaza na kuondoka.

Shuleni

Nenda kabla ya siku ya kwanza, ukiwa na barua ya daktari na ukurasa mmoja wa maelekezo: akae wapi (mbele na kivulini kwa mwenye ualbino, mbali na dirisha kwa mwenye zeroderma), apake nini saa ngapi, asiguswe vipi, nani apigiwe simu. Zungumza na mwalimu wa darasa, pia na wapishi na walinzi. Wanafunzi waelezwe siku ya kwanza au ya pili, dakika 10 zinatosha, na mtoto mwenyewe ndiye anayeamua kama awepo au asiwepo. Usikubali asimamishwe mbele ya gwaride kama kielelezo. Darasa litafuata atakavyofanya mwalimu: akichukua daftari mkononi mwa mtoto huyo bila kusita, wameelewa.

Kosa la upande wa pili ni kumwondolea kila kitu. Mtoto anayekatazwa michezo yote huonekana dhaifu na huchokozwa zaidi. Mtafutie anachoweza.

Uvumi unapogeuka hatari

Mtu anayeuliza kuhusu nywele, kucha, nguo au nyakati za mtoto kuwa peke yake, au anayetaka "kununua" chochote cha mwili wake, si wa kuelimishwa. Andika jina, tarehe na maneno aliyosema, ripoti polisi na kwa viongozi wa eneo siku hiyohiyo, na badilisha njia na ratiba za mtoto. Usikubali suluhu ya kifamilia, hata aliyesema akiwa mjomba. Wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za namna hiyo, na mwaka 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu vitendo hatari vinavyohusishwa na tuhuma za uchawi na mashambulizi ya kishirikina. Picha za mtoto zenye jina la shule au mtaa zisiwekwe mtandaoni, wala mfadhili asizitumie bila ridhaa ya maandishi.

Hatari nyingine iko ndani ya nyumba: mtoto anayejisugua kwa siri ili "atoke" kwenye ngozi yake, au mama aliyeacha kula na kutoka nje. Hao wanahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na kuunganishwa na familia nyingine yenye ugonjwa uleule.

Ndugu wanapofikia umri wa kuoa na kuolewa

Unyanyapaa hurudi wakati wa posa: "Hiyo familia ina ugonjwa." Kwa magonjwa ya kificho, ndugu mzima wa mgonjwa ana uwezekano wa mbili ya tatu wa kuwa mbebaji, lakini watoto wake wataugua tu ikiwa mwenzi wake naye anabeba hitilafu katika jeni hilohilo, jambo lisilo la kawaida isipokuwa wawili hao wakiwa na undugu wa damu, au hitilafu hiyo ikiwa imeenea katika jamii yao. Wachumba wanaweza kupimwa, na kipimo huwa rahisi zaidi kama hitilafu ya mgonjwa wa kwanza imeshabainishwa maabara. Kwa hiyo majibu ya vinasaba ya mtoto yatolewe nakala mbili, moja ikae nyumbani na nyingine kwa ndugu anayeaminika, ili wadogo zake wazikute miaka 20 baadaye.